Kiharusi cha mshipa kuziba: kuyeyusha donge, kulivuta kwa waya, au aspirini na wodi nzuri?

Naandika hii kwa wenye mzee nyumbani mwenye presha au sukari, na kwa wale ambao sa hivi wako koridoni emejensi wameambiwa mgonjwa wao ana kiharusi, kuna njia hii na hii, na wanatakiwa waseme kitu. Nafanya kazi emejensi na naona familia zinavohangaika pale, mmoja anampigia shangazi, mwingine anamtafuta kaka mkubwa aliyeko mkoani ndo mwenye kauli, huku mama yuko kitandani mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauendi. Hawana kosa lolote, mana hamna mtu aliyewahi kukaa nao akawaeleza mapema. Na huu ugonjwa hauko mbali na sisi, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta Dar ina viharusi vipya kama 316 kwa mwaka kwa kila watu laki moja, Hai kama 109, hapo umri ukiwa umeshasawazishwa.

Kabla ya kulinganisha chochote kuna CT scan, ile picha ya kichwa ya mashine. Kiharusi kiko cha mshipa kupasuka damu ikamwagika ndani ya ubongo, na kiko cha mshipa kuziba na donge la damu. Kwa kumwangalia mgonjwa huwezi kujua ni kipi, hata bingwa hawezi kuapa, na dawa inayomwokoa wa kuziba inaweza kumuua wa kupasuka. Kwaiyo yeyote anayetaka kuanza kumyeyushia mtu donge bila picha ya kichwa, mkatalie. Alafu mjue kitu kimoja, kwenye masaa ya mwanzo picha ya aliyeziba inaweza kuonekana safi kabisa, mkiambiwa "CT haina kitu" haina maana mama yuko salama, maana yake ni kwamba hamna damu iliyomwagika na mlango wa matibabu uko wazi. Hapohapo wanapima na sukari kwa kidole, mana sukari ikishuka sana mtu anapooza upande mmoja kabisa kama mwenye kiharusi, na huyo anataka glukosi tu.

Haya yote chini ni kwa kile cha kuziba. Nitapima njia nne kwa vigezo vilevile: saa, faida, hatari, nani inamfaa, na kupatikana pamoja na gharama.

NJIA ZENYEWE

Ya kwanza ni alteplasi, wengine mtaona boksi limeandikwa Actilyse. Ni dawa ya kuyeyusha donge, inakuja kama unga. Nesi anauchanganya na maji yake, anaizungusha chupa taratibu bila kuitikisa mana ikitikiswa inatoa povu, alafu dozi inahesabiwa kwa uzito, miligramu 0.9 kwa kila kilo na haizidi 90. Mtu wa kilo 70 anapata 63, sehemu moja ya kumi inasukumwa kwa dakika moja na iliyobaki inaingia kwa pampu saa nzima. Chupa moja ni miligramu 50, ndo mana mnaambiwa mlete mbili wakati mnaona ya pili inatumika kidogo tu.

Ya pili ni tenekteplasi, ndugu yake alteplasi ila imetengenezwa ikae kwenye damu muda mrefu zaidi, kwaiyo haihitaji pampu. Miligramu 0.25 kwa kilo, haizidi 25, inasukumwa mara moja kwa sekunde chache imeisha.

Ya tatu inaitwa thrombektomi, kwa lugha ya kwetu ni kulivuta donge. Daktari anaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinenani, saa nyingine wa mkononi, anaupandisha mpaka shingoni na kuingia kichwani akiwa anaangalia kwenye skrini ya eksirei, akilifikia donge analinasa na kiwavu cha waya au analifyonza, analitoa nje. Kichwa hakipasuliwi, hilo wazee wanaliogopa sana na halipo.

Ya nne ni aspirini, saa nyingine pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia madonge, ndani ya wodi inayojua kulea mgonjwa wa kiharusi. Hii familia nyingi wanaisikia kama wameambiwa "hatuna la kufanya". Hapana jamani, na nitarudi hapo mana ndo ninapotaka tuelewane zaidi.

Na hizi njia siyo kwamba ukichukua moja umezikosa nyingine. Anaweza kuanza na dawa ya kuyeyusha akapelekwa kwenye waya, na wote mwisho wa siku wanaishia wodini na wengi wanaishia kwenye aspirini.

SAA

Hiki ndo kigezo kinachokata maneno, na ndo kitu pekee ambacho nyie familia mnakijua na daktari hakijui. Saa haihesabiwi kuanzia mlipomkuta ameanguka, inahesabiwa kuanzia mara ya mwisho alipoonekana mzima. Tuseme baba kalala saa nne usiku yuko sawa, saa kumi na moja alfajiri anaamka mkono hauendi, hapo kwa hesabu za hospitali yameshapita masaa 7 na dawa ya kuyeyusha kwa kawaida imeshampita. Sasa nesi anauliza, "mama shikamoo, baba uliongea naye saa ngapi mara ya mwisho akiwa mzima?" na mama anasema aliamka saa tisa kwenda chooni, akaniambia nifunge dirisha, akarudi kulala. Hapo imekuwa masaa 2, mambo yote yamebadilika. Kwaiyo aliyekuwa naye nyumbani ndo apande gari ya hospitali, hata kama ni dada wa kazi, hata kama ni mjukuu wa darasa la sita, na siyo yule mwenye hela ambaye hakuwepo.

Alteplasi mwisho wake wa kawaida ni masaa 4 na nusu. Marekani waliipitisha 1996 kwa masaa 3 tu, utafiti wa Ulaya wa 2008 ndo ukaongeza lile saa moja na nusu. Tenekteplasi inafuata dirisha hilohilo, ila kwa vile haina saa nzima ya pampu inaokoa dakika, hasa kama mgonjwa anatakiwa kuhamishwa. Kuvuta donge kwa kawaida ni ndani ya masaa 6, na tafiti mbili za 2018 zilionyesha baadhi ya wagonjwa wanafaidika hata mpaka masaa 24, lakini hao ni wale ambao picha maalum inaonyesha sehemu kubwa ya ubongo bado iko hai inasubiri damu. Aspirini inatakiwa ndani ya siku 2, mapema ndo vizuri, isipokuwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha anasubiri masaa 24 na CT irudiwe kwanza. Wodi nzuri haina mwisho wa saa.

Kuna makadirio kwamba mshipa mkubwa ukiziba mtu anapoteza seli za ubongo kama milioni 1.9 kila dakika. Usiisome kama namba ya kutisha watu, isome pale mnapotaka kumsubiri mjomba afike ndo msaini.

FAIDA

Hapa nataka muwe na matarajio ya kweli mana nimeona watu wanalia kwamba dawa ilikuwa feki kwa sababu mgonjwa hakunyanyuka siku ileile. Tafiti kubwa zilipojumlishwa pamoja 2014, waliopata alteplasi ndani ya masaa 3, kama 33 katika kila 100 walifika miezi mitatu hadi sita wakiwa hawana ulemavu wa kuwasumbua, waliokosa ni 23. Yani katika kila watu 100 mnaowapa, 10 zaidi wanatoka vizuri. Kati ya masaa 3 na 4 na nusu ile 10 inashuka kuwa 5. Ni dawa ileile, chupa ileile, bei ileile, kilichopungua ni muda tu.

Tenekteplasi wameilinganisha na alteplasi ana kwa ana, ule utafiti wa Kanada wa 2022 wenye wagonjwa karibu 1,600 ulitoa kama 37 kwa 35 katika kila 100, tofauti ndogo ambayo huwezi kusema moja imeishinda nyingine, ziko sawa. Kwaiyo ukiambiwa "hapa tuna hii tu" usihangaike kutafuta nyingine mjini, chukua iliyopo.

Kuvuta donge, kwa yule anayefaa, ndo kuna nguvu kuliko zote. Tafiti tano zilizotoka karibu mwaka mmoja, 2015, zilipojumlishwa zilionyesha watu 46 katika 100 wakijitegemea baada ya miezi mitatu, na waliotibiwa bila kuvutwa ni kama 27. Ila kumbuka hao wote walikuwa na mshipa mkubwa umeziba, siyo kila kiharusi.

Aspirini peke yake faida yake ni ndogo kwa mtu mmoja, tafiti mbili kubwa za 1997 zenye watu kama 40,000 zilionyesha inazuia vifo au viharusi vya kurudia kama 9 kwa kila watu 1,000. Lakini wodi maalum ya kiharusi, hapo ndo nilikuwa nasubiri. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwenye wodi ya namna hiyo badala ya wodi ya kawaida, 2 zaidi wanaishi na 6 zaidi wanarudi kujitegemea. Linganisha hiyo 6 na ile 5 ya alteplasi iliyochelewa. Na hii hamna anayenyimwa kwa sababu ya saa, umri wala dawa anazokunywa. Nikiona familia inatembea mji mzima kutafuta sindano wakati imeshapita siku moja na nusu, na mgonjwa wao yuko kwenye benchi hajageuzwa wala hajapimwa kumeza, roho inaniuma kweli.

Wodi nzuri inafanya nini? Ni vitu vidogo vidogo. Kabla hajapewa chochote mdomoni anakalishwa wima, anapewa maji kijiko kimoja cha chai, nesi anaweka vidole kwa nje ya koo anasikilizia kama kikoromeo kimepanda wakati wa kumeza, anasubiri, anamwambia aseme "aaa". Sauti ikitoka yenye majimaji au akikohoa, basi hamna uji, hamna juisi, hamna vidonge mpaka atafutiwe njia nyingine, mana kile kijiko cha uji wa upendo kikiingia kwenye mapafu kinaleta nimonia, na nimonia inaua wagonjwa wengi wa kiharusi waliokuwa wameshanusurika na kiharusi chenyewe. Anageuzwa kila baada ya masaa machache asipate vidonda, homa inashushwa, sukari inaangaliwa, mtu wa fiziotherapia anaanza naye siku ya kwanza au ya pili.

Na presha. Mtaona 190 kwa 100 kwenye mashine na hamna anayeishusha, mtadhani wamewatelekeza. Kwa mgonjwa ambaye hajapewa dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida wanaiacha mpaka ivuke 220 kwa 120, kwa sababu ule ubongo wenye kiu unategemea ule msukumo. Kinachoharibu ni ile tabia ya kumuwekea mzee nifedipini, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi nyumbani, presha inaporomoka ghafla na sehemu ya ubongo iliyokuwa bado inapambana inakufa. Msifanye hivo.

HATARI

Alteplasi na tenekteplasi hatari yake kubwa ni moja, damu kumwagika kichwani. Kwenye utafiti wa 1995 uliofungua njia, ilitokea kwa kama watu 6 katika 100 waliopewa, na chini ya mmoja kwa wasiopewa. Baadhi yao walikufa, na daktari akikuficha hilo hajakutendea haki. Zile namba za faida nilizotoa hapo juu zimeshahesabu na hawa waliovuja, ndo mana bado inapendekezwa. Kupunguza hiyo hatari presha inatakiwa iwe chini ya 185 kwa 110 kabla ya kuanza, na chini ya 180 kwa 105 kwa masaa 24 baadae, inapimwa kila dakika 15 kwa masaa 2 ya kwanza, alafu kila nusu saa kwa masaa 6, alafu kila saa. Mkiona nesi yuko pale kila saa anasumbua na mashine muacheni asumbue, na kichwa kikianza kumuuma ghafla au akitapika semeni palepale.

Kuna na ya pili ambayo haisemwi sana, ulimi na midomo kuvimba. Inawapata zaidi wanaokunywa dawa za presha za kundi la kaptopril, enalapril na lisinopril, na hizo kwetu zimejaa. Haizuii kupewa dawa ila timu inatakiwa ijue mapema, kwaiyo lile karatasi la dawa za mzee lije.

Hapahapa nionye kuhusu streptokinesi. Ni ya kuyeyusha donge pia, bei yake ni nafuu, na kwa mshtuko wa moyo imesaidia watu wengi. Kwa kiharusi ilijaribiwa miaka ya 1990 na tafiti zikasimamishwa kwa sababu watu walivuja damu na kufa zaidi. Hiyo siyo mbadala wa alteplasi hata kama ndo iko kwenye duka la dawa la karibu.

Kuvuta donge hatari zake ni mshipa kutoboka, kipande cha donge kukatika kikaenda kuziba mbele, kutoka damu pale kinenani, na zile za usingizi. Haitokei kwa wengi lakini inatokea, na inategemea sana mikono ya anayefanya na mara ngapi timu hiyo imeshafanya.

Aspirini inaweza kusumbua tumbo na kuvujisha damu kidogo. Ukiongeza klopidogreli uvujaji unapanda, kwenye utafiti wa 2018 damu nyingi ilitoka kwa watu 9 katika 1,000 waliopewa zote mbili, na 4 kwa wa aspirini peke yake. Na msimpe aspirini nyumbani kabla ya CT, kama alipasuka mmemwongezea.

INAMFAA NANI

Dawa za kuyeyusha zinamfaa aliyefika ndani ya muda, dalili zake zinamlemaza kweli, CT haina damu. Haziwafai waliotoka kwenye operesheni kubwa ndani ya wiki 2, walioumia kichwa vibaya au kupata kiharusi kingine ndani ya miezi 3, wenye chembe sahani (zile za kugandisha damu) chini ya laki moja, na wanaokunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambao INR, kipimo cha damu inavochelewa kuganda, imevuka 1.7. Wale wenye valvu za moyo za chuma wanaohudhuria kliniki ya warfarini, hilo lisemwe mlangoni kabisa. Umri peke yake hauzuii. Naona wajukuu wanasema bibi ana 83 muacheni apumzike, wakati bibi juzi alikuwa anapika na kwenda kanisani mwenyewe. Kinachoangaliwa ni alikuwa anaishije kabla.

Kuvuta donge kunamfaa mwenye mshipa mkubwa uliozibwa, na hiyo inaonekana kwenye CT ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa ya rangi, siyo ile ya kawaida. Dalili zinazoashiria ni upande mzima umekufa pamoja na maneno kukata au macho yote kuvutwa upande mmoja. Faida nyingine ni kwamba yule aliyenyimwa dawa ya kuyeyusha kwa sababu ya warfarini au operesheni bado anaweza kuvutwa. Waliozibwa mishipa midogo ndani kabisa ya ubongo, ambao kwa wenye presha na sukari wako wengi, waya haufiki, na kumsafirisha kwa ajili hiyo ni kumchosha bure.

Aspirini na klopidogreli kwa pamoja zinamfaa mwenye kiharusi kidogo, alama 3 kushuka chini kwenye kile kipimo cha ukali wa kiharusi cha 0 mpaka 42, au dalili zilizokuja zikapotea. Utafiti wa China wa 2013 ulionyesha zikitolewa mapema, klopidogreli kwa siku 90 na aspirini ikiungana nayo siku 21 za mwanzo, viharusi vya kurudia vinashuka kutoka kama 12 hadi 8 katika 100. Haziwahusu ambao moyo wao unadunda ovyo ukarusha donge, hao wana dawa zao na daktari atachagua siku ya kuzianza. Aspirini peke yake ni kwa wengine wengi waliobaki, na wodi ni kwa wote.

KUPATIKANA NA GHARAMA

Alteplasi iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kiharusi tangu 2019, ila kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye friji ya hospitali ya wilaya ni vitu viwili. Kwetu ni ghali na inapatikana zaidi hospitali kubwa za mijini. Tenekteplasi wengi wanayo kwa ajili ya moyo, Marekani ilipitishwa rasmi kwa kiharusi 2025, na dozi ya kiharusi ni nusu ya ile ya moyo kwa kila kilo, kwaiyo mchanganyaji awe anajua anafanya nini. Kuvuta donge inataka chumba cha angio chenye ile eksirei ya kuangalia mishipa, bingwa wa mishipa ya ubongo, vifaa vya kutumia mara moja, na timu inayoitika usiku, Afrika Mashariki hospitali za hivo ni za kuhesabu na bili yake ni kubwa kuliko zote hapa. Aspirini inauzwa bei ya pipi. Wodi nzuri inategemea manesi wangapi wako zamu na kama wamefundishwa, na kuna hospitali za mkoa zinafanya vizuri kuliko za jengo la vioo. Bima msiulize kama "inalipia kiharusi", ulizeni kama inalipia dawa hii kwa jina.

SASA WEWE UKO WAPI

Kama uko ndani ya masaa 4 na nusu na hospitali ina CT na dawa yoyote kati ya zile mbili, na daktari anasema anafaa, usipoteze muda kulinganisha dawa. Uliza maswali matatu tu, presha yake imefika pazuri, kuna kitu chochote kinachomzuia, na baada ya dawa atalazwa wapi kwa uangalizi. Msaini au mkatae, lakini mjibu.

Kama uko ndani ya muda huo na hospitali ya jirani haina CT, usisimame pale kuchomwa dripu. Piga simu mnakokwenda, ulizeni kama mashine inafanya kazi leo, nendeni moja kwa moja.

Kama dalili ni kubwa na kuna kituo cha kuvuta donge mnachoweza kufika, mwambieni daktari mnataka CT ya mishipa, na kama dawa ya kuyeyusha ipo aanze nayo hapohapo kisha msafiri. Kama kituo kiko nchi nyingine na kupanga safari kutachukua siku mbili, kwa kiharusi hiki hiyo njia haipo tena, hela hiyo iwekeni kwenye wodi, fiziotherapia na mtu wa kumsaidia kuongea. Mwenye umri chini ya miaka 60 ambaye ubongo unavimba na anazidi kusinzia, ulizeni kuhusu upasuaji wa kuondoa kipande cha fuvu, huo unataka ndani ya siku 2.

Kama aliamka nacho na hamna aliyemwona usiku, msikate tamaa, ulizeni kama kuna MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, kuna picha yake inaweza kuonyesha kwamba kilianza karibuni na dawa ikatolewa.

Kama dalili zimepotea zenyewe, mdomo umerudi na anacheka, bado nendeni leo. Hatari ya kurudia iko zaidi siku chache za mwanzo na hapo ndo zile dawa mbili zina kazi.

Kama zimepita siku mbili, acheni kutafuta sindano ya kuyeyusha. Tafuteni wodi inayopima kumeza.

Mtoto mwenye seli mundu akipooza ghafla, njia yake ni tofauti na hizi, anahitaji kubadilishiwa au kuongezewa damu haraka, mpelekeni kunakojulikana kwa selimundu.

Mzazi akiwa Uingereza au Marekani, piga 999 au 911, usimpakie kwenye gari yako. Ambulansi inajua ipi kati ya hospitali inavuta donge na inawapigia wakae tayari.

Na kama bado halijawakuta, wiki hii mtu mmoja wa familia aulize hospitali mbili za karibu kama CT yao inafanya kazi usiku na kama alteplasi au tenekteplasi ipo. Mpimeni mzee uzito, pigeni picha dawa zake zote, mtumiane kwenye grupu la ukoo, na dada anayekaa naye nyumbani awe na namba ya mwenye gari.